Mwanangu anaishiwa damu kila mara, sasa wanataka kumpima DNA. Tukubali?

Daktari, shikamoo.

Naandika kuhusu mwanangu wa kiume mwenye miaka minne. Tangu azaliwe damu yake haijatulia. Alikuwa na siku moja tu macho na ngozi vilipogeuka manjano, akalazwa chini ya taa za bluu, tukaambiwa ni jambo la kawaida kwa vichanga. Hajamaliza mwaka akaanza kupauka, na hadi leo ndiyo maisha yetu: anacheza vizuri mwezi huu, mwezi ujao anahema kwa kupanda ngazi tatu.

Ameongezewa damu mara mbili. Malaria kila tukipima hakuna, na choo hakina minyoo. Dawa ya maji ya kuongeza damu, ile ya madini ya chuma, ameinywa zaidi ya mwaka, maana kila tunapokwenda wakiona viganja vyeupe wanatuandikia hiyo hiyo. Damu inapanda kidogo, kisha inashuka. Mara ya mwisho ilikuwa 6.2.

Alipimwa selimundu na aina za himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa kipimo cha elektroforesisi, jibu likaja "kawaida". Kipimo hicho kilichukuliwa kama wiki tatu baada ya kuongezewa damu. Cha G6PD nacho kilisema kawaida. Hicho walichukua siku aliyolazwa akiwa na macho ya manjano na mkojo wa kahawia. Bandama yake imevimba, naigusa mwenyewe ninapomwogesha. Daktari mmoja alisema ikiendelea hivi huenda ikabidi itolewe.

Sasa tumefikishwa kwa bingwa wa damu. Anataka kutuma damu ya mtoto, yangu na ya baba yake ili vinasaba visomwe. Tangu hapo nyumbani hakuna amani. Mume wangu alinyamaza mbele ya daktari, tulipotoka nje akaniuliza: "Kwani wana shaka kama mtoto ni wangu?" Mama mkwe anasema kwao hakuna mgonjwa wa damu hata mmoja, kwa hiyo hii imetoka kwetu. Nalala nikilia, Daktari. Nina binti mchanga pia, na kila asubuhi namfunua macho kuangalia kama yamebadilika rangi.

Naomba unieleze. Kipimo hiki ni cha lazima? Kwa nini vile vya mwanzo havitoshi? Na kitasema kosa ni la nani? Nimeambatanisha majibu yote.

Mama wa wawili

JIBU

Marahaba, mama. Pole kwa hayo yote, na asante kwa kutuma karatasi pamoja na tarehe zake. Tarehe hizo zimenisaidia sana.

Kabla ya DNA nianze na lenye haraka: dawa ya chuma. Kwenye karatasi ya mwisho feritini ya mwanao imeandikwa 412. Hicho ndicho kipimo cha akiba ya chuma mwilini. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 aliye mzima tunasema akiba imekwisha feritini ikishuka chini ya mikrogramu 12 kwa lita. Akiwa na maambukizi tunatumia 30. Ni kweli feritini hupanda pia mtoto anapoumwa, kwa hiyo irudiwe akiwa ametulia. Lakini 412 si namba ya mtoto aliyepungukiwa chuma. Kila chupa ya damu aliyoongezewa ilikuja na chuma chake, na mwili wa binadamu hauna njia ya kukitoa kikizidi. Hujikusanya kwenye ini na hata kwenye moyo. Ziko anemia za kurithi ambazo chuma hujaa mwilini hata kwa mtoto ambaye hajawahi kuongezewa damu. Mpigie bingwa wako wiki hii, usingoje siku ya kliniki, umuulize kama dawa hiyo isimamishwe. Uamuzi ni wake kwa sababu ndiye anayemwona mtoto, ila mimi katika karatasi hizi sioni sababu ya kuendelea nayo.

Siwalaumu waliokuandikia. Duniani kote ukosefu wa chuma ndio chanzo kikubwa cha upungufu wa damu kwa watoto wadogo, na watoto wengi wenye himoglobini iliyo chini ya 11 hupona kwa dawa hiyo hiyo. Hao hawana haja ya kipimo cha vinasaba. Mtoto wako ni wa kundi jingine, na karatasi zako zenyewe zinaonyesha hivyo.

Tazama ile yenye picha kamili ya damu. Ukubwa wa chembe nyekundu ni 89. Chuma kikikosekana chembe huwa ndogo. Hizi si ndogo. Mstari wa chini yake ni wa chembe nyekundu changa, zile zilizotoka juzi kwenye uboho, kiwanda cha damu kilicho ndani ya mifupa. Kwa kawaida huwa kama asilimia 1 au 2 hivi, za mwanao ni 11. Maana yake kiwanda kinafanya kazi usiku na mchana. Damu inatengenezwa vizuri, ila inavunjwa upesi kuliko inavyotengenezwa. Ukiongeza macho ya manjano, mkojo wa kahawia, bandama iliyovimba na ile manjano iliyomwanza akiwa na siku moja, picha inakamilika: chembe zake zinakufa kabla ya wakati, na yaelekea amezaliwa nalo tatizo hilo. Manjano ya ndani ya saa 24 za kwanza haikupaswa kuitwa ya kawaida. Siku zote hutafutiwa sababu.

Swali linalobaki ni kwa nini zinavunjika.

Sasa nikujibu kwa nini vipimo vya mwanzo havitoshi. Elektroforesisi ni kipimo kizuri, lakini hupima himoglobini iliyomo kwenye damu inayozunguka siku hiyo. Chembe nyekundu huishi kama siku 120. Wiki tatu baada ya kuongezewa, sehemu kubwa ya chembe zilizokuwa kwenye mishipa ya mwanao zilikuwa za mtu aliyechangia damu. Zake nyingi zilikuwa zimeshavunjika. Lile "kawaida" kwa kiasi kikubwa lilikuwa jibu la mchangiaji. Kipimo hiki kinatakiwa kichukuliwe kabla ya kuongezewa damu, au miezi mitatu hivi baadaye.

G6PD nayo ina mtego wake. Kimeng'enya hiki, yaani protini inayoilinda chembe nyekundu isivunjike, huwa kingi kwenye chembe changa na hupungua kadiri chembe inavyozeeka. Siku mwili unapovunja damu, chembe zinazotangulia kufa ni zile kongwe zenye kimeng'enya kidogo, zinabaki changa. Ukipima siku hiyo utaona kiwango kizuri hata kwa mtoto mwenye upungufu wa kweli. Lipo tatizo jingine linalofanana na hilo, la kimeng'enya kiitwacho pairuveti kinesi, nalo hufichwa vilevile na wingi wa chembe changa na damu ya kuongezewa. Kwa hiyo mama, hayo majibu mawili yasikutulize, na yasikufanye udhani kila kitu kimeshapimwa.

Hapa ndipo kipimo cha vinasaba kinapoingia. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, kwa hiyo haina DNA. Maabara ikipokea ile tyubu ndogo yenye kifuniko cha zambarau, itaziacha chembe nyekundu na kuchukua chembe nyeupe, ambazo kila moja imebeba maandishi yote aliyorithi mwanao. Chembe nyeupe za mchangiaji ni chache kwenye damu ya kuongezewa na hazidumu, ndiyo maana kuongezewa damu hakuharibu kipimo hiki kama kunavyoharibu elektroforesisi. Hata hivyo waandikieni tarehe ya mwisho aliyoongezewa. Pakiwa na shaka, watapangusa ndani ya shavu lake kwa kijiti cha pamba na kutumia seli za hapo. Kwa mtoto maumivu ni ya sindano moja, sawa na vipimo vingine alivyozoea.

Anemia ndiyo iliyofungua njia hii yote. Mwaka 1949 mwanakemia Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa himoglobini ya mgonjwa wa selimundu ni tofauti na ya mtu mwingine, wakauita ugonjwa wa molekuli. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akaonyesha kuwa tofauti yote ni asidi amino moja iliyobadilika kwenye protini hiyo. Na njia ya kunakili DNA inayoitwa PCR ilipotangazwa mwaka 1985, ugonjwa ulioonyeshwa kupimika kwayo ulikuwa selimundu hiyo hiyo. Nakwambia haya ili usione kwamba mwanao anafanyiwa majaribio.

Ila vipimo vya vinasaba si kimoja. Kuna kinachotafuta badiliko moja linalojulikana, mathalani lile la selimundu. Hicho ni cha haraka. Kuna kinachosoma jeni nyingi kwa mpigo, zile zinazohusika na ganda la chembe nyekundu, vimeng'enya vyake na himoglobini. Nadhani bingwa wako anataka hiki cha pili, na kwa karatasi nilizoziona namuunga mkono. Muulize jambo moja: je, kitaona pia kama kipande kizima cha jeni kimekatika na kupotea? Usomaji wa kawaida huona herufi zilizobadilika, lakini kipande kikubwa kilichokosekana unaweza kukipita. Aina nyingi za talasemia ya alfa, ugonjwa wa kurithi wa himoglobini, ni za kukatika namna hiyo, na mtu aliyerithi aina nyepesi huwa na elektroforesisi safi kabisa.

Umeuliza kama ni lazima. Mimi huwa napima hivi: jibu litabadilisha nini katika matibabu ya mtoto? Likiwa halibadilishi kitu, sina haraka nalo. Kwa mwanao linabadilisha, na linaanza na bandama.

Daktari aliyesema itolewe hakusema neno baya. Kuna ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu huwa za mviringo kama mpira badala ya kubonyea katikati, bandama inazinasa na kuzivunja. Watoto wenye hali kali hupata nafuu kubwa ikitolewa. Lakini kuna ugonjwa mwingine wa ganda la chembe, mara nyingi kutokana na jeni iitwayo PIEZO1, ambao chembe hupoteza maji. Mgonjwa naye ana macho ya manjano, chembe changa nyingi na bandama iliyovimba. Huyu ukimtoa bandama unamweka kwenye hatari kubwa ya damu kuganda ndani ya mishipa, hatari itakayomfuata maisha yake yote. Kwa nje watoto hawa wawili wanaweza kufanana sana, na bandama ikishatolewa hairudishwi. Nasisitiza: mtoto wako asitolewe bandama kabla chanzo hakijajulikana. Hata pale inapofaa, madaktari hupenda kusubiri mtoto avuke miaka mitano au sita na apate kwanza chanjo zinazomkinga na vijidudu ambavyo bandama humsaidia kupambana navyo.

Yako na mengine. Ikiwa ni G6PD, kuna dawa za kuepuka, na hata zile tembe nyeupe za kuwekea nguo zisiliwe na nondo zitatoka nyumbani. Ikiwa ni pairuveti kinesi, ataangaliwa chuma chake kwa miaka mingi. Kabla ya kutuma sampuli, uliza pia kama alifanyiwa kipimo cha Coombs, maana sijakiona kwenye karatasi zako. Huonyesha kama kinga ya mwili wake ndiyo inayoshambulia chembe nyekundu. Huo si ugonjwa wa kurithi, una dawa zake, na ni kosa kwenda kusoma jeni kabla ya kuuondoa kwenye orodha. Vivyo hivyo damu yake iwekwe kwenye kioo na kutazamwa kwa darubini na mtu mwenye uzoefu, nayo iwe ya wakati ambao hajaongezewa karibuni. Umbo la chembe hizo mara nyingi humwambia bingwa aanzie jeni gani.

Usitegemee kwamba karatasi ya DNA itakuja na jina la ugonjwa kila mara. Jibu linaweza kusema wamepata badiliko linalojulikana kuleta ugonjwa, na hapo kazi imekwisha. Linaweza kusema hawakuona kitu, na hilo halimaanishi mtoto ni mzima au kwamba ugonjwa haukurithiwa. Pengine jeni yake haikuwa kwenye orodha waliyosoma. Na linaweza kusema wameona badiliko ambalo maana yake bado haijulikani. Hili la tatu ndilo linalowachanganya wazazi. Kila mmoja wetu ana mabadiliko ya namna hiyo. Badiliko kama hilo lisitumike kuamua upasuaji wala kumtangazia mtoto ugonjwa. Lihifadhiwe kwenye faili, liulizwe tena baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa sababu mengine hupata maana kadiri familia nyingi zaidi zinavyopimwa.

Hapo ndipo damu yenu wazazi inapohitajika, na sasa niongee na baba wa mtoto. Msomee sehemu hii, au mpe asome mwenyewe.

Baba, kipimo cha DNA ulichozoea kukisikia hulinganisha mtoto na baba. Ulichoombwa hapa husoma jeni za damu. Daktari akiona badiliko kwa mwanao, anataka kujua kama limetoka kwako, kwa mama yake, kwenu nyote, au limeanza kwa mtoto mwenyewe. Badiliko lenye shaka likionekana kwa mzazi ambaye damu yake ni nzima kabisa, pengine si lenyewe linaloleta ugonjwa. Bila sampuli zenu daktari anabaki na karatasi nusu. Hakuna aliyekushuku.

Nawe mama sitakuficha: sampuli tatu zikiwekwa pamoja, maabara inaweza kuona kama undugu wa damu haulingani na maelezo yaliyoandikwa. Ndiyo maana mzazi hupewa fomu ya ridhaa na mtaalamu wa kuieleza kabla ya kusaini. Ulizeni nyote wawili, mkiwa pamoja, nini huandikwa kwenye majibu na nini hakiandikwi. Kama baba bado hayuko tayari, aanze kupimwa mtoto peke yake. Inaruhusiwa, na mara nyingi jibu hupatikana hivyo. Ninyi mtafuata ikihitajika. Sipendi mtoto akae bila matibabu sahihi kwa sababu watu wazima hawajamaliza kuzungumza.

Kuhusu mama mkwe: mengi ya magonjwa haya hurithiwa pale tu baba na mama wote wawili wanapobeba nakala moja ya jeni yenye hitilafu. Anayebeba nakala moja huwa mzima. Hujui, wazazi wako hawakujua, babu zako pia. Kwa hiyo "kwetu hakuna mgonjwa" inaweza kuwa kweli kabisa, na bado nusu ya chanzo ikawa imetoka huko. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi ya asilimia 25 ya mtoto kuumwa, na mimba iliyotangulia haibadilishi hesabu ya inayofuata. Mengine hurithiwa kwa mzazi mmoja, ambaye huenda ana hali nyepesi kiasi kwamba hajawahi kwenda hospitali. Mengine huanza kwa mtoto mwenyewe. Kipimo kitaonyesha njia badiliko lilivyopita. Kosa hakitalionyesha, kwa sababu halipo. Hakuna ulichokula, ulichofanya au ulichoacha kufanya ukiwa mjamzito kilichoandika herufi hizo.

Na binti? Kama ananyonya vizuri, anaongezeka uzito na hajapata manjano ya kutisha, asipimwe jeni sasa. Mpeleke apimwe picha kamili ya damu, chembe changa na kiwango cha manjano. Yakiwa mazuri, pumzika. Badiliko la kaka yake likishajulikana, daktari anaweza kulitafuta hilo moja tu kwake, ikiwa kujua mapema kutamsaidia kimatibabu. Kujua tu kama ni mbebaji kunaweza kusubiri hadi awe mkubwa aamue mwenyewe. Mama, acha kumfunua macho kila asubuhi. Mara moja kwa wiki, kwenye mwanga wa jua, inakutosha.

Majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi. Katika muda huo kijana aendelee na kliniki, na umuulize bingwa kuhusu vidonge vya foliki, maana mwili unaotengeneza damu kwa kasi namna hiyo huimaliza haraka. Akipata homa kisha akapauka ghafla kuliko kawaida yake, usisubiri hata kama macho hayajageuka manjano: kuna kirusi kiitwacho parvo B19 ambacho husimamisha uboho kwa siku kadhaa, na mtoto ambaye chembe zake haziishi sana hushuka damu upesi mno. Vilevile akihema kwa shida, akilegea, akishindwa kunywa, au tumbo likivimba ghafla upande wa kushoto, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku.

Ikitokea anahitaji kuongezewa damu tena, mwambie muuguzi kwa sauti, kabla chupa haijafunguliwa: "Naomba sampuli ya elektroforesisi, ya vimeng'enya na ya kioo cha darubini ichukuliwe kwanza." Iandike sentensi hiyo kwenye jalada la daftari lake la kliniki, pamoja na tarehe za kuongezewa damu zote mbili, ili hata kama ni baba au shangazi aliyempeleka, aliyeko zamu aione.